Ugonjwa wa Kuziba Njia za Pumzi: Namna ya Kuutambua na Kuishi Nao



Katika vijiji vyetu vya skimu, toka Bura na Hola mpaka Garsen na Gamba, hakosi kuwako mtu mzima ambaye watu husema habari zake, "Kifua chake ni kibovu tangu zamani." Kila asubuhi hukohoa na kutema makohozi. Akishika jembe, baada ya mistari michache husimama akihema. Akipanda tuta la mfereji na ndoo ya maji, hana budi kuketi. Amekunywa dawa za kikohozi chupa nyingi, na pengine amepimwa kifua kikuu akaambiwa hana. Majirani wengine husema ni uvivu, wengine ni uzee, na wengine hunong'ona kwamba amelogwa. Mara nyingi si lolote katika hayo. Ni ugonjwa wenye jina lake, sababu zake na matunzo yake.

Jina lake ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za pumzi. Katika kadi ya hospitali huandikwa kwa herufi nne, COPD. Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu kwamba mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani, na wengi wao ni wa nchi zisizo na mali nyingi.

Neno kubwa la somo hili ni moja, nasi twaomba kila msomaji alishike: sehemu ya mapafu iliyokwisha haribika hairudi, lakini sehemu iliyobaki yaweza kulindwa. Mgonjwa anayeanza kulinda mapema aweza kulima shamba lake miaka mingi. Anayengoja mpaka ashindwe kutembea toka kitandani mpaka mlangoni, amechelewa.

MAPAFU NI KAMA MIFEREJI YA SKIMU

Kila mkulima wa skimu ajua jinsi maji yanavyogawanywa. Uko mfereji mkuu, iko mifereji midogo itokayo katika huo mkuu, na mwisho maji hufika shambani. Pumzi nayo huenda vivyo hivyo. Bomba la pumzi lashuka toka kooni, lagawanyika mara mbili, kisha matawi yake yagawanyika tena na tena mpaka yawe membamba sana. Mwishoni viko vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Hivyo ndivyo mashamba yenyewe, maana hapo ndipo damu huchukua hewa safi na kutoa hewa chafu.

Mtu akivuta moshi au vumbi kwa miaka mingi, mambo mawili hutokea. Kwanza, kuta za mifereji ya pumzi huvimba na kutoa makohozi mengi, kama mfereji uliojaa tope la Mto Tana mpaka maji yakakosa nafasi ya kupita. Pili, kuta za vifuko vya hewa hulika na kupasuka. Vifuko vidogo vingi huwa mifuko michache mikubwa iliyolegea, isiyo na nguvu ya kujikunja na kusukuma hewa nje.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Shida kubwa ya mgonjwa huyu ni kutoa pumzi, kuliko kuivuta. Shamba la mpunga ambalo mtaro wake wa kutoa maji umeziba hujaa maji ya zamani, na maji mapya hayana mahali pa kuingia. Ndivyo lilivyo pafu la mgonjwa: limejaa hewa ya zamani isiyotoka, naye ajiona kama mtu anayezama katika nchi kavu. Ukilijua hili, utafahamu kwa nini baadaye tutakufundisha namna ya kutoa pumzi polepole.

Lakini mfano wetu una mwisho. Mfereji uliojaa tope waweza kuchimbuliwa ukawa kama mpya. Pafu lililolika halichimbuliki. Ndiyo sababu ulinzi ni bora kuliko matengenezo.

UGONJWA WATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani ugonjwa huu ni wa wavuta sigara peke yao. Ni kweli kwamba sigara, kiko, shisha na bangi huharibu mapafu sana. Lakini katika nchi zetu wako akina mama wengi ambao hawajatia sigara mdomoni hata siku moja, nao ni wagonjwa.

Jirani zetu wa Uganda wametupa ushahidi mzuri. Katika wilaya ya Masindi, sehemu ya wakulima, wataalamu waliwapima pumzi watu 588 wenye umri wa zaidi ya miaka 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Karibu mtu mmoja kati ya kila sita alikuwa na ugonjwa huu. Wagonjwa wengi walikuwa bado vijana, wa miaka 30 mpaka 39. Na karibu watu wote waliopimwa, 93 katika kila 100, walikuwa wakiishi na moshi wa kuni na wa mimea mingine ichomwayo. Basi wasemao kwamba kuhema ni uzee, na wafikiri tena.

Katika skimu zetu moshi na vumbi hutujia kwa njia hizi:

1. Moshi wa jikoni. Mama apikaye kwa mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na tundu huvuta moshi saa nyingi kila siku, na mtoto aliye mgongoni mwake huvuta pamoja naye. Siku hizi kuni nyingi za Bura, Hola na Garsen ni za mathenge, mti ulioletwa nchini miaka ya 1970 na kupandwa Bura miaka ya 1980, kisha ukaenea wenyewe. Mathenge ni kuni nzuri ikikauka. Ikiwa mbichi hutoa moshi mzito.

2. Moshi wa kufukuza mbu. Wengi huwasha mavi ya ng'ombe au majani mabichi mlangoni usiku. Mbu hupungua kweli, lakini watu wa nyumba hulala ndani ya moshi mpaka alfajiri.

3. Moshi wa tanuri za makaa, na wa kuchoma mabua shambani baada ya mavuno.

4. Vumbi la kupura na kupepeta mpunga na mahindi, vumbi la mashine za kukoboa, na vumbi la pamba mahali inapochambuliwa.

5. Magonjwa ya zamani ya kifua. Mtu aliyepona kifua kikuu aweza kubaki na mapafu yenye makovu. Mtoto aliyeugua nimonia mara nyingi, na mtu wa pumu isiyotunzwa, nao huwa katika hatari zaidi.

NAMNA YA KUUTAMBUA

Dalili zake ni kikohozi kisichokwisha, makohozi ya kila siku, kuhema unapofanya kazi uliyokuwa ukiiweza zamani, na sauti ya mluzi kifuani. Huja polepole, mwaka baada ya mwaka, hata mtu mwenyewe hatambui. Huanza kwa kupunguza kazi: kwanza aacha kubeba magunia, kisha aacha kulima, kisha aacha kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, naye adhani ni umri tu.

Magonjwa mengine yafanana na huu, nayo hayana budi kutenganishwa:

Kifua kikuu huleta homa za jioni, jasho jingi la usiku, kukonda, na pengine damu katika makohozi. Yeyote anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi na apimwe makohozi. Katika hospitali na zahanati za Serikali kipimo hicho na dawa zake ni bila malipo.

Pumu aghalabu huanza utotoni, nayo huja na kuondoka. Baina ya siku mbaya mtu huwa mzima kabisa. Ugonjwa wa kuziba njia za pumzi huanza ukubwani, na kuhema hakuondoki kabisa.

Ugonjwa wa moyo huvimbisha miguu na kumfanya mtu ashindwe kulala chali. Lakini ugonjwa wa mapafu uliokaa sana nao hudhoofisha moyo, kwa hiyo mwenye miguu iliyovimba asingoje.

Kipimo cha hakika ni kupuliza kwa nguvu katika mashine iitwayo spirometa, ambayo huonyesha hewa yatoka kwa kasi gani. Si kila zahanati inayo. Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, na kama hapana budi upelekwe mbele, omba barua ya kukupeleka hospitali kubwa, kama ya Ngao au ya Hola, nao watakuambia kipimo chapatikana wapi.

Hapa lazima tuseme neno kwa watu wa nyumbani. Ugonjwa huu hauambukizi. Akiisha pimwa na kuonekana hana kifua kikuu, hapana sababu ya kumtengea mama yako kikombe chake, wala kuwazuia wajukuu wasikae naye. Kumtenga mtu kama huyo ni kumwongezea ugonjwa wa pili, yaani huzuni.

DAWA YA KWANZA NI KUONDOA MOSHI

Mtu asiambiwe kwamba dawa ya hospitali yaweza kushindana na moshi wa kila siku. Ni kama kutoa maji shambani huku lango la mfereji li wazi.

Kwa mvuta sigara, hapana dawa ipitayo kuacha. Huko London wanaume 792 walifuatwa miaka minane wakipimwa pumzi zao, na mwaka 1977 wataalamu wawili, Fletcher na Peto, walieleza yaliyoonekana. Mvuta sigara ambaye mapafu yake yadhurika upesi hupoteza pumzi upesi mwaka hata mwaka. Akiacha, ile iliyopotea hairudi, lakini tangu hapo upotevu hupungua ukawa sawasawa na wa mtu asiyevuta. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 asiseme, "Nimekwisha chelewa." Kila mwaka anaoacha ni mwaka wa pumzi aliojiwekea akiba. Chagua siku, waambie watu wa nyumbani, ondoa sigara zote, na kaa mbali na wenzako wavutao katika majuma ya kwanza, maana hayo ndiyo magumu kuliko yote. Ukishindwa, anza tena. Wengi walioacha hawakufaulu mara ya kwanza.

Kwa moshi wa jikoni, tutazame mifano miwili. Katika wilaya ya Xuanwei, nchi ya Uchina, watu walikuwa wakipika juu ya mashimo ya moto yasiyo na njia ya kutolea moshi. Wengi wakajenga majiko yenye dohani, yaani bomba la kupeleka moshi nje. Watu zaidi ya 20,000 walifuatwa, na mwaka 2005 ikatangazwa kwamba kwa wale waliojenga dohani hatari ya kupata ugonjwa huu ilipungua, kwa wanaume karibu sehemu mbili katika tano, na kwa wanawake robo moja. Faida hiyo haikuonekana kwa siku moja. Ilichukua kama miaka kumi.

Mfano wa pili ni wa Malawi. Huko familia nyingi zilipewa majiko mapya yenye kuunguza kuni vizuri zaidi, na watoto zaidi ya 10,000 wakaangaliwa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba nimonia ya watoto haikupungua. Wataalamu walieleza kwamba moshi mwingine ulikuwapo bado, kama wa takataka zichomwazo na wa tumbaku. Fundisho ni hili: kununua jiko jipya peke yake hakutoshi. Lazima moshi wenyewe utoke katika maisha ya nyumba.

Basi fanya hivi, kwa kadiri ya uwezo wako:

Pika nje, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote, kila siku isiyo na mvua. Jambo hili halina gharama.

Kama lazima upike ndani, jiko na liwe mbali na chumba cha kulala, liwe na dirisha kubwa na nafasi wazi baina ya ukuta na paa. Jenga jiko la udongo lenye dohani ipitayo juu ya paa. Paa likiwa la makuti, zungushia bomba bati pana na udongo ili nyumba isishike moto, na ondoa masizi mara kwa mara.

Kata kuni mapema, zipasue ndogo, uziweke mahali pakavu zaidi ya mvua moja. Kuni ya mathenge iliyokatwa leo isichomwe leo.

Loweka pojo, kunde na maharagwe usiku kucha, na funika sufuria. Chakula huiva upesi, na moshi hupungua kwa muda ule ule unaookolewa.

Mwenye uwezo wa kununua mtungi wa gesi na autumie, hata kama ni kwa chai na chakula cha asubuhi tu.

Tumia chandarua chenye dawa badala ya moshi wa mbu.

Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake haionekani wala hainuki, nayo yaweza kuwaua watu wote waliomo usiku mmoja.

Mabua ya mpunga usiyachome. Wafugaji wanatafuta malisho wakati wa kiangazi. Waweza kuwauzia au kubadilishana nao kwa mbolea ya zizi. Na unapopura au kupepeta, simama upande utokao upepo, ukajifunga barakoa au kitambaa puani na mdomoni. Mgonjwa asikae karibu na mashine ya kukoboa.

Tena twawaambia akina baba: jiko si mambo ya mama peke yake. Mwenye kujenga nyumba ndiye mwenye kuamua moshi utoke wapi. Mkulima anayetengeneza ghala la mpunga kwa bati na kumwacha mkewe katika moshi, anahifadhi gunia na kupoteza mkono wa kulivuna.

DAWA ZA KUVUTA

Dawa bora za ugonjwa huu huvutwa kwa pampu, yaani inhela, ili zifike mapafuni zenyewe badala ya kuzunguka mwili mzima. Wengine huogopa wakisema, "Ukianza pampu huwezi kuiacha." Hiyo si kweli. Pampu haileti uraibu. Mtu huendelea kuitumia kwa sababu ugonjwa waendelea.

Kuna dawa za aina mbili. Ya kwanza hufungua njia za pumzi upesi, kama salbutamoli, nayo hutumika unapobanwa. Ya pili hufanya kazi kwa saa nyingi, nayo lazima itumiwe kila siku hata ukijiona mzima, kama daktari atakavyoandika. Wagonjwa wengine huongezewa dawa ya kutuliza uvimbe. Anayepewa hiyo na asukutue maji na kuyatema kila baada ya kuivuta, asije akapata utando mweupe kinywani.

Wagonjwa wengi hutumia pampu vibaya, na dawa huishia ulimini. Fuata hatua hizi:

1. Fungua kifuniko, utikise pampu vizuri.
2. Toa pumzi yote polepole.
3. Bana midomo kuzunguka mdomo wa pampu.
4. Anza kuvuta pumzi polepole, na papo hapo bonyeza mara moja, ukiendelea kuvuta mpaka kifua kijae.
5. Zuia pumzi mpaka uhesabu 10.
6. Ngoja nusu dakika, kisha urudie kama uliagizwa mara mbili.

Asiyeweza kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, kama wazee wengi, atumie chupa ya kupitishia dawa. Huko Afrika ya Kusini mwaka 1999 ilionekana kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita yaweza kuwafaa watoto wa pumu sawa na vyombo vya dukani. Chukua chupa safi, utoboe tundu kitakoni kwa waya iliyopashwa moto, liwe sawasawa na mdomo wa pampu ili hewa isipite pembeni. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Ingiza pampu katika tundu, tia shingo ya chupa mdomoni, bonyeza mara moja, kisha vuta na kutoa pumzi polepole mara nne au tano. Mwonyeshe muuguzi chupa yako kabla hujaitegemea.

Pampu isiachwe juani wala juu ya pikipiki, maana joto la Garsen laweza kuiharibu. Hata ikiisha isitupwe motoni. Pampu nyingi za salbutamoli zina mipulizo 200. Andika tarehe uliyoianza, uhesabu, usije ukaikuta tupu usiku wa manane.

Uliza pia hospitalini habari za chanjo ya homa ya mafua na chanjo ya nimonia kwa watu wazima. Mgonjwa wa mapafu akishikwa na mafua, hatari yake si sawa na ya mtu mwingine.

MAZOEZI, PUMZI NA CHAKULA

Mtu anayehema huogopa kutembea, basi huketi. Akiketi, misuli yake hulegea. Ikilegea, hata kazi ndogo humtaka pumzi nyingi, naye huketi zaidi. Mzunguko huo lazima uvunjwe. Katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, wagonjwa waliobaki na mapafu mabovu baada ya kupona kifua kikuu walifanyishwa mazoezi kwa majuma sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliweza kutembea mwendo mrefu zaidi na hali yao ya maisha ikawa bora. Mapafu yao yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni nguvu za mwili.

Mkulima wa skimu anacho kiwanja kizuri cha mazoezi, nacho ni njia iliyo tambarare kando ya mfereji. Baada ya kuzungumza na daktari, tembea asubuhi jua halijakuwa kali, dakika 10 kwa kuanza, siku tano katika juma. Kuhema kidogo si kubaya, mradi uweze kusema maneno machache. Kila juma ongeza dakika mbili tatu, mpaka ufike dakika 30. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na uende hospitali.

Jifunze kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mbili, kisha toa kwa midomo iliyofinywa kama mtu anayepoza uji wa moto, ukihesabu nne. Hivyo mifereji ya pumzi hukaa wazi muda mrefu zaidi, na hewa ya zamani hupata kutoka. Unapoinua kitu, toa pumzi wakati wa kuinua. Ukibanwa shambani, inama mbele kidogo ukiegemea mpini wa jembe, au keti na viwiko juu ya magoti.

Kugawa kazi ni akili, wala si uvivu. Mgonjwa afanye kazi nzito asubuhi, apalilie akiwa ameketi juu ya kigoda, abebe nusu ndoo mara mbili badala ya ndoo nzima mara moja.

Ale chakula kidogo mara nyingi, maana tumbo lililojaa husukuma mapafu. Samaki, mayai, maziwa, pojo na kunde hujenga misuli. Mgonjwa anayekonda ni mgonjwa anayeshindwa. Apimwe uzito kila mwezi.

SIKU YA KUZIDIWA

Kila mgonjwa huwa na siku mbaya. Mambo matatu ya kuangalia ni haya: kuhema kumezidi kuliko kawaida yake, makohozi yameongezeka, na rangi ya makohozi imegeuka kuwa ya manjano au kijani. Akiona mawili katika hayo, aende zahanati siku ile ile. Huko aweza kupewa vidonge vya prednisoloni, kwa kawaida siku 5, na antibayotiki ikiwa makohozi yamekuwa usaha. Dawa hizo zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha, wala zisiachwe nusu. Dawa za kulewesha usingizi ni hatari kwake, maana hupunguza nguvu ya kupumua.

Peleka mgonjwa hospitali upesi, mchana au usiku, ukiona dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi moja, ulimi au ndani ya midomo imekuwa ya samawati, apumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, asinzia ovyo au achanganyikiwa. Njiani aketi, asilazwe chali, aendelee kutumia pampu kwa kiasi kilichoandikwa. Safari isingojee pampu ifanye kazi kwanza.

Hospitalini akitiwa hewa ya oksijeni, ndugu wasiguse kipimo chake wakidhani kuongeza ni kusaidia. Kwa mgonjwa huyu oksijeni nyingi kupita kiasi yaweza kumdhuru. Waganga hulenga kipimo cha 88 mpaka 92 katika mia, nao wana sababu yao.

Mwisho, tuikumbuke nchi yetu ilivyo. Mafuriko ya mwaka 1997 na 1998, ya 2018 na ya mwisho wa 2023 yalikata barabara na kuzunguka vijiji. Mgonjwa wa mapafu asingoje maji. Kabla ya mvua za Machi na za Oktoba awe na pampu ya akiba iliyofungwa katika mfuko wa plastiki, kadi yake ya hospitali, na mpango na jirani mwenye mtumbwi au pikipiki. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji ajue nyumba yake, ili awe wa kwanza kuhamishwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

Somo hili lafaa kusomwa kwa sauti katika mkutano wa kijiji au wa chama cha akina mama. Kisha jibuni:

1. Kwa nini mgonjwa huyu hupata shida zaidi katika kutoa pumzi kuliko kuvuta?
2. Taja njia tatu ambazo moshi huingia katika nyumba yako mwenyewe. Ipi yaweza kuondolewa juma hili bila fedha?
3. Mzee wa miaka 60 asema hapana faida kuacha sigara. Utamjibu nini?
4. Onyesha mbele ya wenzako hatua sita za kutumia pampu.
5. Ni dalili zipi zitakufanya umpeleke mgonjwa hospitali usiku?
6. Mama ameambiwa hana kifua kikuu bali ana ugonjwa wa kuziba njia za pumzi. Je, atengewe vyombo? Eleza.

Mwenye kikohozi kilichopita majuma mawili, au anayehema kuliko watu wa umri wake, asimalize mwezi huu bila kwenda kupimwa.